Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Kikao cha watoto na mdomo uliofunga

 

Leo zamu ni yangu. Imamu wetu aliniomba niandike kuhusu hasira za mtu aliyefunga. Nikamwambia ipo hasira moja ninayoijua kuliko nyingine zote, akacheka, akasema basi andika hiyo hiyo. Mimi si sheikh. Ni mmoja wa wale wazee wa kamati ya suluhu mnaowaona wamebaki msikitini baada ya Ijumaa, na kabla sijakaa upande huu wa meza nilikaa ule upande wa pili.

Ujumbe huu ni wako wewe uliyeachana na mwenzio, watoto wako katikati, na una kikao. Labda mmeitwa ustawi wa jamii, labda kwa sheikh, labda una tarehe yako pale kwenye kituo cha mashauri ya familia Temeke. Unaamka kula daku, tonge halipiti. Kichwani unapanga maneno: akisema hivi, nitamjibu hivi. Na nyie ambao ndoa zenu ziko salama, alhamdulillah, msipite haraka. Nyie ndio mnaopigiwa simu usiku ule wa kuamkia kikao, na ushauri wenu nitaugusa.

Ilikuwa Ramadhani pia, miaka 11 nyuma. Talaka ilikuwa imeshapita mwaka mzima. Watoto wawili, wa kiume miaka tisa, wa kike mitano, walikuwa na mama yao kwa bibi yao. Tuliitwa ofisi moja ya ustawi kupanga matunzo na siku za mimi kuwachukua. Saa nane mchana, feni haizunguki, na siku hiyo daku ilinipita usingizini. Nilikwenda na bahasha nene: risiti za ada, karatasi za miamala ya simu, kila shilingi niliyowahi kutuma ilikuwamo. Nilijiona nimekamilika.

Ofisa, mama mtu mzima, hakuifungua ile bahasha. Aliniuliza swali jepesi kabisa. Mwalimu wa darasa wa mwanao wa kiume anaitwa nani? Nikanyamaza. Mwenzangu akasema taratibu, "Hamjui."

Neno moja tu. Na lilikuwa la kweli, nadhani ndiyo maana liliniunguza. Nikasimama. Nikasema mengi, ya ndoa, ya pesa, ya siku ya harusi yenyewe. Nikamtaja mama yake, bibi wa wanangu, nikamsingizia jambo ambalo sitaliandika hapa kwa sababu Mwenyezi Mungu ameshanisitiri nalo na bibi mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Ofisa hakugomba. Alifunga faili, akasema, "Baba, njooni baada ya wiki tatu."

Ndani ya wiki tatu zile kulikuwa na Idi. Nguo za watoto nilikuwa nimeshanunua. Zilibaki kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati mpaka nyingine zikawabana.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Kijana wangu alikuwa amekaa nje kwenye benchi na mama yake mdogo, na dirisha lilikuwa wazi. Sikujua. Miezi mingi baadaye, tumekaa tunakula chipsi, mambo yameshatulia, akaniuliza bila kunitazama: "Baba, kwani bibi alikufanya nini?"

Sasa, nasaha za "tulia, usipandishe, shetani huyo" tunazigawa bure kila siku. Ni rahisi kuzitoa na ni ngumu kumeza ukiwa wewe ndiye uliyeumia. Nami wakati ule nilikuwa na hoja yangu, na naona ilistahili jibu kuliko nilivyojibiwa. Nilisema: nimedhulumiwa, kwa nini nitulie? Kumsemesha kwa adabu mtu ambaye moyoni nimemjaa chuki, si ndio unafiki wenyewe? Na nikitulia, si wataona kumbe hajaumia, watoto si wake sana?

Kuna kisa Imam Malik amekipokea katika Muwatta. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na mke wa Kiansari, wakazaa mtoto, Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar akafika Quba akamkuta Asim anacheza kwenye uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha mbele yake kwenye mnyama wake. Yaani kamwona mwanawe, kamchukua, basi. Bibi wa mtoto akamfuata, akamdai. Wakavutana mpaka kwa Abubakar, ambaye wakati huo ndiye Khalifa. Umar akasema huyu ni mwanangu. Yule mama akasema huyu ni mwanangu. Abubakar akaamua mtoto aachwe na bibi. Na msimulizi anamalizia kwa kusema kwamba Umar hakurudisha neno.

Hebu kaa na kisa hiki kidogo. Huyu ni Umar. Ukali wake haukuwa siri kwa mtu yeyote Madina. Aliyeshindana naye ni mama mtu mzima aliyekuja mbio nyuma ya mjukuu wake. Aliyehukumu ni rafiki yake, angeweza kumwambia, Abubakar, wewe unanijua. Hakusema. Na hakuambiwa mwanao si wako, aliambiwa tu hatalala kwako. Mwanamume aliyewahi kuambiwa hivyo anajua maneno hayo yanapita wapi kifuani.

Tena angalia, Umar hakunyamaza tangu mwanzo. Alifika kwa mwamuzi, akadai haki yake kwa neno lililo wazi. Utulivu wake haukuwa kuacha dai. Alidai, akasikilizwa, ikaamuliwa, akanyamaza. Sisi huwa tunabadilisha mpangilio: pale pa kudai tunatukana, na pale pa kunyamaza ndipo tunaanza kudai, kwenye korido, kwenye simu, kwenye magrupu ya familia.

Na kuna jambo la pili katika kisa hiki ambalo mimi lilinichukua miaka kuliona. Wote wawili walisema neno moja, mwanangu. Na hakuna aliyedanganya. Kesi ya kiwanja mara nyingi mmoja ana hati ya kweli na mwingine ya kughushi. Kesi ya deni, mmoja alikopa na hataki kulipa. Lakini katika kesi ya mtoto mnaweza kusimama watu wawili wakweli mbele ya hakimu, na bado mmoja akatoka bila mtoto. Hasira hutafuta mwongo. Isipompata, inamtengeneza. Mimi siku ile sikuwa na mwongo mbele yangu, nilikuwa na mwanamke aliyesema "hamjui" na kweli nilikuwa simjui mwalimu. Basi nikamtafuta mwingine wa kumtia hatiani, nikamkuta bibi.

Turudi kwenye unafiki. Hasira yangu ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini ilikuwa ya ndoa, na kikao kilikuwa cha watoto. Mama aliyefiwa asubuhi, jioni bado anamwogesha mtoto wake na kumtafutia nguo safi. Hatumwiti mnafiki. Tunajua msiba uko moyoni na mtoto yuko kwenye beseni. Ya ndoa yana mahali pake. Kama kuna mahari haijalipwa, mali mliyochuma pamoja, maneno uliyotukanwa, fungua shauri lake, lisemee siku yake. Ukiyaleta yote siku ya mtoto, mtoto ndiye anayekosa nafasi ya kusikilizwa.

Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, amekataza mwamuzi kuhukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira. Hadithi hii ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim. Tumezoea kuisoma kama hadithi ya makadhi. Lakini wewe ukikaa pale na kukubali kwamba mtoto atakuja kwako Ijumaa na kurudi Jumapili, atasoma shule ile na si hii, likizo ya Desemba atakuwa kwa nani, hiyo ni hukumu. Umejiona mdai muda wote, kumbe kwa mtoto wako wewe na mzazi mwenzako ndio makadhi wawili. Hana wa kukata rufaa kwake. Kadhi mkubwa mwenye elimu yake amekatazwa kuamua akiwa amehamaki, hata kwa jambo la mbuzi wawili. Sisi tunaamua utoto wa mtu mzima mtarajiwa huku mishipa imetutoka shingoni.

Na Qur'an imefika mbali zaidi ya tunavyodhani. Katika Suratul Baqara aya ya 233, iliyokuja katikati ya aya za talaka, wazazi wanaambiwa kwamba hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Kushauriana! Watu ambao huenda hawalali tena nyumba moja. Na aya hiyo hiyo inakataza mama adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, na baba adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Wote wawili wametajwa. Ukiisoma ukiwa na kesi, jicho linakimbilia ile nusu inayokuhusu wewe. Mimi nilikuwa naijua nusu yangu kwa moyo.

Nigusie sheria kidogo maana watu huuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na inaitaka mahakama iangalie pia ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto. Katika madhehebu yetu ya Shafi nayo, mama ana haki ya ulezi mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, ambao wanazuoni wengi wanaukadiria miaka saba, kisha huulizwa anataka kwa nani. Basi usiende ukidhani ofisa anakuonea kwa kuwa wewe ni baba, au hakimu anakuonea kwa kuwa wewe ni mama. Wana pa kuanzia, na kazi yako ni kuwaeleza, kwa maneno wanayoweza kuyaandika. Maneno ya hasira hayaandikiki. Au yakiandikwa, yanaandikwa dhidi yako.

Hapa nataka kutenganisha jambo, na akina dada nisikilizeni vizuri, kwa sababu sisi wazee tumewakosea hapa. Kutulia si kuficha. Suratun Nisaa aya ya 148 inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi ubaya kutangazwa hadharani, kisha ikamtoa aliyedhulumiwa. Khawla bint Thaalaba alikwenda kwa Mtume akabishana naye kuhusu mumewe, hakurudi nyuma, na sura nzima ikafunguliwa kwa habari yake, Al-Mujadila. Hakuambiwa mama subiri, kelele za nini. Kama unapigwa, kama unatishiwa, kama mtoto anarudi na alama mwilini, liseme hilo kwanza kabla ya jambo lolote, omba msikae chumba kimoja, na asije mtu kukuziba mdomo kwa jina la subira. Nimekaa kwenye vikao ambavyo mwanamke akilia tunasema ana jazba, akikaza macho tunasema ana kiburi, na mwanamume akigonga meza tunasema ana uchungu wa watoto. Allah atatuuliza.

Sasa unafanyaje, maana siku yenyewe moyo haujui hadithi. Wewe unaweza kuomba kikao kiwe asubuhi. Ramadhani saa nane mchana si muda wa kuongelea mtoto, amini nakwambia. Kula daku. Tia udhu kabla ya kuingia. Andika kwenye kikaratasi mambo mawili au matatu unayoyataka kwa ajili ya mtoto, na kila unapotaka kuongea angalia kwanza kama hilo unalotaka kusema limo mle. Ukiulizwa, mjibu ofisa, mtazame ofisa, hata kama aliyekuchoma ni yule mwingine. Mtume ametufundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipoondoka alale. Kulala ofisini huwezi, lakini kukaa unaweza. Mimi kosa langu la kwanza siku ile halikuwa neno, lilikuwa kusimama. Nilipokwisha simama, mdomo ulifuata. Na ukiona inapanda kabisa, omba dakika tano utoke nje unywe hewa. Sijawahi kuona ofisa akimnyima mtu dakika tano.

Kisha lile neno tuliloagizwa sisi wafungaji, kwamba mtu akitutukana tuseme tumefunga. Wanazuoni wametofautiana, ni kulisema kwa sauti au kujiambia moyoni. Kwenye kikao cha watoto mimi nachukua la moyoni. Kwa sababu nimewasikia wanaolisema kwa sauti, "Mimi nimefunga bwana, sitaki kujibizana na mtu kama wewe", na hapo neno limeshageuka jiwe.

Nyie ndugu na mashoga mnaopigiwa simu, msiwatume watu vitani. "Usikubali!" "Mkomeshe!" "Mwambie ulivyomkuta siku ile!" Nyie mtafuturu na kwenda tarawehe. Yeye atakwenda kukaa na maneno yenu mdomoni. Kama unampenda, muulize tu: mtoto amekula? Nani anambeba shule siku hiyo? Mfuate, kaeni naye nje kwenye benchi. Na kama mtoto amekuja, mpelekeni mbali na dirisha.

Kuna aliyeniuliza wiki iliyopita, je, nikitulia ili hakimu anione mwema, si ria hiyo? Nikamwambia inaweza kuwa. Lakini anza nayo hivyo hivyo, Mtume amesema upole hupatikana kwa kujizoeza upole. Halafu jichunguze ukishatoka. Ukiwa kwenye daladala unarudi, unampigia nani, na unasemaje? Mtoto akikuuliza jioni, "Mama alisemaje?", sura yako inakuwaje? Hakimu hayupo hapo. Hapo ndipo nilipokuwa nafeli mimi hata baada ya kujifunza kukaa kimya ofisini. Nilikuwa natulia saa moja, na kulipiza wiki nzima kwa kuvuta uso kila jina la mama yao likitajwa. Binti yangu alijifunza kutolitaja. Miaka sita, na ameshajua kuchagua maneno mbele ya baba yake. Hilo nalo nimelitubia, na sijui kama limekwisha kwake.

Wiki ya tatu tulirudi. Nilikaa kwenye kiti changu na mikono chini ya mapaja, kama mtoto wa chuo. Ofisa akaniuliza swali lile lile. Nikamwambia, mwalimu wa darasa wa kijana wangu ni mwalimu fulani, anafundisha hesabu, na anasema mwanangu anasinzia kipindi cha mwisho. Mama yake akanigeukia: "Anasinzia?" Hakuwa anajua. Tukatumia dakika kumi tunaongelea usingizi wa mtoto, saa anayolala, simu ya mjomba anayocheza usiku. Matunzo yalipangwa baada ya hapo, wala hayakuchukua muda. Ile bahasha sikuifungua.

Kabla sijatuma maandishi haya nimemtumia mama wa watoto wangu ayasome, maana habari ni yake pia. Ameolewa, mumewe ni mtu mwema, na ndiye aliyenisomesha baadhi ya ada hizo miaka niliyokosa kazi. Akanipigia jana kabla ya futari. Akasema niandike tu, ila nimesahau jambo moja: siku ile naye alikuja na maneno yake ameyapanga, kuhusu mama yangu mimi, na ni vile tu nilitangulia kusimama, akaponea hapo. Nikamuuliza, ulikuwa umepanga kusema nini? Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia anacheka.

"Mie nimefunga, mwenzangu."

Wabillahi tawfiq. Kesho in shaa Allah zamu ni ya mwalimu wetu wa madrasa, baada ya alasiri kama kawaida. Na yule ndugu mwenye kikao Jumanne saa nne asubuhi, nitakuwepo kwenye benchi la nje.